Kuwasomea Watoto Masimulizi ya Safari: Funzo kutoka kwa Baharia Kijana

Miongoni mwa vitabu vinavyofaa kuwamo mikononi mwa mwalimu wa shule ya msingi, iko aina moja ambayo wengi huiona kuwa ni ya kupitishia wakati tu. Nayo ni masimulizi ya safari, hasa yale yaliyoandikwa na vijana wenyewe waliosafiri. Mwalimu akionekana anawasomea wanafunzi wake kitabu cha namna hii, si ajabu mwenzake akapita dirishani na kujiuliza kama kipindi hicho ni cha kufundisha au ni cha kupumzika. Maoni yetu ni kinyume cha hayo. Tunashikilia kwamba kuwasomea watoto kitabu kwa sauti, kila siku, kwa dakika chache, ni kazi ya kufundisha kwa maana yake kamili. Na kwamba mtoto anayefaidika zaidi ni yule ambaye bado hawezi kukisoma kitabu hicho mwenyewe. Ili kuifafanua hoja hii tumechagua kitabu kimoja, na tunawaomba ndugu zetu wanachuo wafuatane nasi hatua kwa hatua.

Kitabu chenyewe kinaitwa True Spirit, nacho kilitolewa mwaka 2010. Mwandishi wake, Jessica Watson, alizaliwa Gold Coast, katika jimbo la Queensland, nchini Australia, tarehe 18 Mei, 1993. Tarehe 18 Oktoba, 2009, akiwa na umri wa miaka 16 na miezi mitano, alitweka tanga na kutoka katika bandari ya Sydney akiwa peke yake. Mashua yake ilikuwa na urefu wa mita kumi hivi, imepakwa rangi ya waridi na kupewa jina la Ella's Pink Lady. Alielekea kaskazini mashariki, akaivuka Ikweta karibu na kisiwa cha Kiritimati katikati ya Bahari ya Pasifiki, akarudi tena kusini, akaizunguka Rasi ya Horn mwezi Januari 2010, akaikata Bahari ya Atlantiki, akapita kusini mwa bara la Afrika mwezi Februari, kisha akaivuka Bahari ya Hindi na kupita chini ya Australia mpaka aliporejea Sydney tarehe 15 Mei, 2010. Safari hiyo ilihesabiwa kuwa ya siku 210. Katika muda wote huo hakutia nanga katika bandari yoyote, wala hakupokea chakula, maji au kipuri kutoka kwa mtu. Alipokanyaga nchi kavu zilikuwa zimebaki siku tatu atimize miaka 17.

Yafaa ieleweke mapema kwamba Jessica hakuwa baharia wa kwanza kufanya jambo hili. Mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga alikuwa Joshua Slocum, aliyeondoka Marekani mwaka 1895 na kurejea mwaka 1898, kisha akaandika kitabu. Mwaka 1965 kijana Mmarekani wa miaka 16, Robin Lee Graham, aliondoka California, akawa akituama bandari kwa bandari mpaka akamaliza safari yake mwaka 1970. Kitabu chake, Dove, kilitoka mwaka 1972. Naye Jesse Martin wa Australia aliondoka Melbourne mwaka 1998 akarejea mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 18, bila ya kutua popote. Kitabu chake kinaitwa Lionheart. Hiki cha mwisho ndicho kinachotupeleka moja kwa moja kwenye hoja yetu.

Kitabu kilichoingia kwa masikio

Jessica Watson alikuwa na disleksia. Hii ni hali ambayo mtoto, ingawa akili yake ni timamu na macho yake hayana kasoro, hupata taabu kubwa kuziunganisha herufi na sauti zake. Husoma polepole, hurudia mstari mmoja mara nyingi, na huandika maneno kwa tahajia isiyo sawa. Hali hii si uvivu, wala si ujinga, wala si matokeo ya malezi mabaya. Mtoto mwenye hali hii aweza kuwa hodari wa kufikiri, kukumbuka na kutenda, lakini akipewa ukurasa asome mbele ya wenzake, aonekane kuwa ndiye wa mwisho darasani.

Wazazi wake walikuwa na watoto wanne, na kwa miaka kadhaa jamaa yote iliishi katika chombo majini, watoto wakisoma kwa njia ya masomo yanayotumwa kutoka mbali. Jessica alipokuwa na umri wa miaka 11, mama yake alikuwa akiwasomea watoto kitabu wakati wa jioni, kabla ya kulala. Kitabu hicho kilikuwa Lionheart, masimulizi ya Jesse Martin. Hapo ndipo yule mtoto, ambaye yeye mwenyewe anajieleza kuwa alikuwa mwoga, alipoanza kujiuliza kwa nini jambo kama lile lisiwezekane kwake. Miaka mitano baadaye alikuwa baharini, katika mashua ya muundo uleule alioutumia Jesse Martin. Na aliporudi, mtoto huyu aliyetaabishwa na herufi aliandika kitabu.

Hebu tuitazame habari hii kwa jicho la mwalimu. Kama mama yule angesema, “Mwanangu hawezi bado kusoma vizuri, kwa hiyo kitabu kikubwa kama hiki tukiweke mpaka atakapoweza,” mambo yangekuwaje? Mtoto angeendelea kupewa vijitabu vya sentensi fupi, vinavyolingana na uwezo wake wa kutambua herufi lakini visivyolingana hata kidogo na uwezo wake wa kufikiri. Mtoto wa miaka 11 angelishwa chakula cha mtoto wa miaka sita, kisha angelaumiwa kwa kukosa hamu ya kula.

Hili ndilo kosa tunaloliona likitendeka katika madarasa mengi. Tunapowazungukia wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, aghalabu tunakuta wanafunzi wamegawanywa: wanaosoma vizuri wamekaa mbele na kupewa kitabu, wasioweza wamekaa nyuma, na kazi yao ni kunakili herufi kutoka ubaoni. Nia ya mwalimu ni njema, maana anataka kila mmoja afanye kazi iliyo sawa na uwezo wake. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa nyuma ananyimwa vitu viwili kwa mpigo. Kwanza, hana stadi ya kusoma. Pili, hapati chochote katika yale yaliyomo vitabuni. Hajui habari za nchi za mbali, hajui maneno mapya, hajui jinsi masimulizi yanavyojengwa toka mwanzo hadi mwisho. Mwaka ukipita, mwenzake wa mbele amemzidi si kwa kusoma tu bali pia kwa maarifa na kwa lugha. Basi tunasema, “Unaona? Tangu mwanzo tulijua huyu hana akili.” Kumbe pengo hilo tumelichimba wenyewe.

Kufundisha kusoma ni kumpa mtoto ufunguo. Lakini mtoto ambaye hajapata hata siku moja kuambiwa kilichomo ndani ya nyumba, ataushughulikia ufunguo huo kwa hamu ipi? Kusomewa ndiko kunakomwonyesha kilichomo ndani. Huko ndiko kunakomfanya arudi kwenye ba, be, bi, bo, bu akiwa na sababu.

Majibu kwa wanaopinga

Wako walimu wanaoipinga rai hii, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza husema kuwa muda hautoshi; muhtasari ni mrefu na mtihani unakuja. Jawabu letu ni kwamba hatuombi kipindi kizima. Dakika kumi kwa siku ni dakika hamsini kwa juma, na katika dakika hizo mtoto husikia sentensi kamili, fasaha, zilizopangwa, nyingi kuliko atakazosikia katika vipindi vingi vya maswali na majibu. Msamiati na ufahamu ambao mtihani unaupima hautoki hewani.

Wa pili husema kuwa vitabu havipo. Hoja hii kwa kweli inatuunga mkono. Njia ya kila mtoto na kitabu chake yahitaji nakala themanini kwa darasa la watoto themanini. Njia ya kusomea kwa sauti yahitaji nakala moja na mwalimu mmoja aliyejiandaa. Katika shule iliyopungukiwa na vitabu, hakuna zana ya kufundishia iliyo rahisi kuliko hii.

Wa tatu husema kuwa watoto watazoea uvivu: wakijua kwamba watasomewa, hawatajitahidi kusoma. Hapa twakubali kwamba kusomewa peke yake hakumfundishi mtoto kusoma. Mwenye disleksia, na hata asiye nayo, anahitaji kufundishwa sauti na herufi kwa utaratibu, kwa subira, kwa kurudia, na mara nyingi zaidi kuliko wenzake. Kipindi cha dakika kumi hakichukui nafasi ya somo hilo, bali kinasimama ubavuni mwake. Lakini kudai kwamba mtoto akinyimwa masimulizi ndipo atakapojitahidi kuyatafuta ni sawa na kudai kwamba asiyewahi kuonja asali ndiye atakayepanda mti kuirina.

Jinsi ya kufanya

Kitabu cha Jessica Watson kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hakiwezi kusomwa kama kilivyo katika darasa la Kiswahili. Mwalimu aliyekipata afuate utaratibu huu, ambao wafaa pia kwa kitabu chochote kingine cha namna hiyo.

Kwanza, akisome chote mwenyewe. Mwalimu anayefungua ukurasa kwa mara ya kwanza mbele ya darasa hana tofauti na msafiri anayeuliza njia njiani.

Pili, achague sehemu kumi au kumi na mbili zenye tukio, na kila moja aiandike kwa Kiswahili chake fasaha, kiasi cha ukurasa mmoja au miwili. Kutafsiri papo kwa papo huku darasa likingoja hakufai, kwa sababu lugha huvunjika na watoto huchoka.

Tatu, asome kwa sauti inayofika nyuma, bila haraka, akiwatazama watoto. Asisimame kila sentensi kueleza neno. Maneno mawili au matatu magumu ayaeleze kabla ya kuanza.

Nne, akatishe mahali penye shauku. Mashua imelala ubavu, mlingoti uko majini. Itainuka au haitainuka? Hapo afunge daftari lake. Watoto watakaofika kesho wakiwa wamebishana njiani wameshafanya kazi ya ufahamu kabla ya kuulizwa swali.

Tano, siku inayofuata aanze kwa kumwomba mwanafunzi mmoja asimulie kisa cha jana. Na hapa tunatoa shauri la pekee: aanze na wale wa nyuma. Mtoto asiyeweza kusoma mara nyingi ana masikio makini na kumbukumbu kali, kwa kuwa hizo ndizo zana alizozitegemea siku zote. Akisimulia vizuri mbele ya wenzake, darasa lote, pamoja na mwalimu, litamwona kwa jicho jingine.

Ushujaa na maandalio

Iko hatari ya kukisimulia kisa hiki vibaya. Mwalimu aweza kusema, “Tazameni, msichana wa miaka 16 hakuogopa bahari, nanyi msiogope.” Maneno hayo yanapendeza masikioni, lakini hayafundishi kitu, na tena si ya kweli. Masimulizi yenyewe yanafundisha jambo lililo gumu zaidi, nalo ni maandalio.

Kabla ya kuondoka Sydney, Jessica alikuwa ameshatumia miaka kadhaa kujifunza. Alifanya kazi za kuosha vyombo ili kujiwekea fedha. Alisafiri katika mashua za watu wengine ili ajifunze. Baharia mzoefu, Don McIntyre, alinunua mashua na kumpa aitumie, na watu wengi walijitolea kuifumua na kuiunda upya pamoja naye, ili ajue kila msumari na kila kamba iko wapi. Mtoto akiulizwa, “Safari ya Jessica ilianza lini?” jibu lililo sahihi si Oktoba 2009. Ilianza miaka mingi nyuma. Hapo mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake: “Na mtihani wenu unaanza lini?”

Halafu kuna kisa cha Septemba 2009. Usiku wa kwanza wa safari ya kutoka Brisbane kwenda Sydney, ambako ndiko angeanzia safari yenyewe, mashua yake iligongana na meli kubwa ya mizigo iitwayo Silver Yang. Yeye alikuwa amelala usingizi mfupi. Mlingoti ulivunjika. Alikata na kufunga alichoweza, akawasha mtambo na kuirudisha mashua pwani mwenyewe. Taarifa ya uchunguzi wa serikali ya Australia, iliyotolewa mwaka 2010, ilionyesha kwamba hapakuwa na uangalizi mzuri kwa upande wa mashua wala kwa upande wa meli. Watu wengi nchini mwake walitaka safari ipigwe marufuku. Siku 39 baada ya ajali hiyo, mashua ikiwa na mlingoti mpya, aliondoka.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi mwenye busara hashiki koleo jingine kabla ya kujua lile la kwanza lilivunjikaje. Ajali ile ilionyesha mahali hasa palipokuwa na upungufu: uangalizi. Hapo lipo funzo kubwa kwa mwalimu anayesahihisha madaftari. Alama ya mkasi kwa wino mwekundu yamwambia mtoto kwamba amekosa, lakini haimwambii mahali alipokosea wala namna ya kurekebisha. Mtoto aliyepata hesabu mbili katika kumi hana haja ya kuambiwa kuwa ni mjinga. Ana haja ya kukaa na mwalimu na kuona kwamba katika zile nane, sita zimeharibika kwa kosa moja tu la kubeba. Anayejua kosa lake ana kitu cha kutengeneza. Asiyejua hubaki na aibu tu, na aibu haimfundishi kubeba namba.

Hesabu na ramani

Masimulizi haya yana faida nyingine ambayo mwalimu asiiache ipite. Yanaleta haja ya hesabu na jiografia kabla ya kuyaleta masomo yenyewe. Tutoe mifano michache ambayo mwanachuo aweza kuitia moja kwa moja katika andalio lake la somo.

Maili moja ya baharini ni sawa na dakika moja ya nyuzi za duara la dunia. Duara lina nyuzi 360, na kila uzi una dakika 60. Zidisha, utapata maili 21,600, ndio mzingo wa dunia. Maili ya baharini ni mita 1,852. Zidisha tena, utapata kilometa elfu arobaini na kidogo. Mwanafunzi wa darasa la juu aliyeifikia hesabu hii kwa mkono wake mwenyewe hatausahau mzingo wa dunia. Kisha aulizwe: mashua inayokwenda maili tano za baharini kwa saa, usiku na mchana bila ya kupumzika, itazimaliza maili 21,600 kwa siku ngapi? Jibu ni siku 180. Basi kwa nini Jessica alitumia 210? Hapo darasa litaanza kufikiri juu ya pepo zinazokufa, dhoruba, na njia isiyonyooka.

Namba hiyohiyo ilileta ubishi. Baraza linaloshughulikia rekodi za vyombo vya tanga duniani linataka anayedai kuizunguka dunia awe amepita njia isiyopungua maili 21,600 kwa kipimo chake. Mwaka 2010 wapo waliosema kuwa njia ya Jessica, ikipimwa hivyo, haikufikia kiasi hicho, ingawa aliikata Ikweta na kuzipita longitudo zote. Tena baraza hilo halikuwa likiweka rekodi ya baharia mwenye umri mdogo kuliko wote. Mwalimu asilifiche jambo hili. Achukue chungwa na uzi. Watoto wazungushe uzi katikati ya chungwa, kisha wauzungushe karibu na kikonyo, na walinganishe urefu. Wataona kwa macho yao kwamba duara la karibu na ncha ni fupi; hata katika latitudo ya nyuzi 60, duara ni nusu tu ya lile la Ikweta. Kisha wajadili: je, walioleta ubishi walikuwa na haki? Mjadala unaotegemea uzi na chungwa ni mwanzo wa elimu ya sayansi.

Vilevile, dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa. Sydney iko karibu na nyuzi 151 mashariki, na Dar es Salaam karibu na nyuzi 39. Tofauti ni nyuzi 112, yaani saa saba na nusu hivi za jua. Na jambo linalowashangaza watoto kuliko yote ni hili: msafiri anayeizunguka dunia kuelekea mashariki huliona jua likichomoza mara moja zaidi kuliko waliobaki nyumbani. Mwalimu asiharakishe kulieleza. Amweke mtoto mmoja katikati awe dunia, na mwingine amzunguke, mpaka wao wenyewe wagundue sababu.

Walimu watakaopangwa katika shule za Pwani na visiwani watakuwa na bahati ya ziada. Darasani mwao watakuwamo watoto wa wavuvi wanaojua kaskazi na kusi, wanaojua kubisha chombo kinapokabili upepo, na wanaojua kwa nini usukani huwa mzito. Hao waachiwe ubao na chaki. Mwalimu kutoka bara asione haya kukaa kwenye dawati na kufundishwa.

Tahadhari

Hatuna budi pia kusema yale ambayo kitabu kimoja hakiwezi kuyasema. Bahari haimwonei huruma mtu kwa sababu ya umri wake. Mwezi Juni 2010, majuma machache baada ya Jessica kurejea, msichana mwingine wa miaka 16, Abby Sunderland wa Marekani, alivunjikiwa na mlingoti katikati ya Bahari ya Hindi, mbali mno na nchi kavu, akaokolewa na meli ya wavuvi ya Ufaransa. Huko Uholanzi, mwaka 2009, mahakama ilimweka Laura Dekker chini ya uangalizi wa idara ya kulinda watoto ili asiondoke peke yake akiwa na miaka 13 au 14. Mwaka 2010 aliruhusiwa, na mwezi Januari 2012 alimaliza mzunguko wake akiwa na miaka 16. Watu wazima wenye akili walibishana juu ya mambo haya na hawakukubaliana. Hata darasa lisilazimishwe kukubaliana. Mada ya mdahalo iko tayari: je, mzazi anayemruhusu mtoto kufanya jambo la hatari lenye maandalio anamlea au anamtupa?

Jambo jingine ni la haki. Safari ya Jessica ilihitaji mashua, vyombo vya mawasiliano, na wafadhili. Watoto wengi wa dunia hii huingia baharini usiku kwa ajili ya kitoweo, bila ya mkoba wa kujiokolea, na hakuna anayeandika kitabu juu yao. Mwalimu akiwasomea wanafunzi masimulizi ya mbali bila ya kuwauliza yaliyo karibu, atawafundisha kwamba maisha yenye thamani ya kuandikwa ni ya watu wengine. Kwa hiyo kazi ya kufungia somo hili iwe ya kuandika. Kila mtoto aandike habari ya safari moja ambayo yeye au mtu wa nyumbani kwake aliifanya: kwenda kisimani, kuhama kijiji, kumpeleka mgonjwa hospitali. Asiyeweza kuandika asimulie, na mwenzake au mwalimu amwandikie, kisha asomewe maneno yake mwenyewe. Kwa watoto wengi wa namna hiyo, ukurasa huo ndio utakaokuwa wa kwanza kuusoma bila kusitasita, kwa sababu kila neno lililomo wanalijua.

Hitimisho

Waziri Mkuu wa Australia wakati huo, Kevin Rudd, alipompokea Jessica bandarini na kumwita shujaa, yeye alimpinga kwa heshima. Alieleza kuwa hajioni shujaa, bali ni msichana wa kawaida aliyeiamini ndoto yake. Sisi walimu tungependa kuongeza jambo moja. Ndoto hiyo ilikuwa na mlango wa kuingilia. Mtu mzima aliketi na kusoma, na mtoto aliyechelewa kusoma akasikiliza.

Wanachuo wetu, katika madarasa mtakayopewa hamtakosa mtoto wa aina hiyo. Pengine watakuwa watano, pengine kumi. Hawatakuwa na alama usoni. Mtawatambua kwa namna wanavyoinamisha kichwa mnapotafuta mtu wa kusoma aya inayofuata. Msiwapite kwa kuwahurumia, wala msiwasimamishe ili wachekwe. Wafundisheni herufi kwa subira, kila siku, bila ya kukata tamaa. Na kila siku, kabla kengele haijalia, fungueni kitabu kizuri muwasomee. Mwalimu hawezi kujua ni mtoto gani kati ya wale wa nyuma anayesikiliza kwa moyo wake wote, na kwa sababu hiyo hana budi kuwasomea wote.